Safu ya Saba

Jumanne ya pili ya Februari, mjini Huddersfield,
Tahmina Chowdhury alipanda mabasi mawili
na taulo, na vazi lake refu la kuogelea,
na simu iliyomwambia: saa moja jioni, kuogelea.
Simu haikusema la zaidi.
Aliposukuma mlango wa kioo akaona wanaume wanne
wakikata maji kwa mikono mizito,
mmoja akipenga kamasi.
Akarudi na taulo kavu.
Nauli haikurudi.

Barua yake niliisoma mimi, ghorofa ya tatu,
ambako hita hukohoa tu bila kutoa joto.
Kazi yangu ni kupokea ratiba za mabwawa kumi na moja
na kuziweka wazi, bure, kwa yeyote azitakaye.
Nikafungua safu ya saba.
Bwawa moja limeandika: wanawake tu.
La pili: mabibi.
La tatu: K.
La nne: 2, bila kueleza 1 ni nani.
Kule Slaithwaite hawaandiki, wanapaka waridi,
na kompyuta, maskini, rangi haiioni.
Na bwawa la Tahmina
limeacha kisanduku kitupu.

Kitupu ni nini?
Karibuni nyote? Au karani alikwenda kunywa chai?
Wahenga walijua jibu la mjinga ni kimya;
hawakutuachia jibu la jedwali.

Alhamisi tukaketi, watu sita na biskuti.
Dilwyn Prosser alitaka maneno matatu, yale yale, kwa wote,
yaandikwe vile vile hadi nukta:
hakuna kizuizi, wanawake tu, wanaume tu.
Na la nne, tulipombana: hatujaambiwa.
Winifred Ogden, anayefundisha wastaafu kuelea,
akauliza: na mlinzi je? Wanawake tu,
halafu juu ya kiti kirefu yuko Callum na filimbi yake?
Na kijana wa miaka sita aliyeshikwa mkono na mamake?
Dilwyn akaandika, akafuta, akaandika.

Ndipo Kit Ravenscroft, anayetengeneza programu yenyewe,
asiyeinua sauti hata printa inapokwama,
akasema: mimi niko kisanduku gani?

Hapa niseme nisichokisema pale.
Lugha niliyonyonya ina ngeli ya watu, ya miti,
ya vitu, ya mahali,
wala haina ngeli ya kike.
Yeye ni yeye. Ameingia, ameogelea, ametoka:
msikilizaji hajui, wala hajali.
Siku zote nimeringia hilo.
Lakini ni kitenzi kama hicho, kisicho na uso,
kilichompandisha Tahmina mabasi mawili.

Dilwyn alijibu polepole:
safu haiulizi wewe ni nani,
inasema tu mlangoni pana sharti gani.
Kit akavunja biskuti.
Mlango huo, akasema, mimi huniuliza kila wiki.

Hakuna aliyekuwa na la kusema.
Mwishoni tukaongeza mstari mmoja chini ya safu:
jina la mtu wa kupigiwa kabla ya kuja, na namba yake.
Si dawa. Kit ndiye aliyeuandika
na ndiye aliyesema si dawa.

Aprili, mabwawa kumi yamekubali.
Slaithwaite bado wanapaka waridi,
nimewapigia mara tano.
Kwa Tahmina wamebandika karatasi madirishani,
na Jumanne, zamu ya Callum anashika Jolanta.
Mimi sikuingia kuona. Kama niliruhusiwa au la,
lugha hii haitakwambia.

Jumatano ikaja barua, mstari mmoja:
Maji yalikuwa baridi mno.
Hilo nalo mliweke wazi.